Tunabishania Homoni, Damu Tumeiacha

Novemba 10, 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuwa inaanza kuliondoa onyo zito la hatari ya saratani na magonjwa ya moyo lililokaa kwa zaidi ya miaka 20 kwenye homoni wanazopewa wanawake wanaoelekea kukoma hedhi au waliokwisha kukoma. Mpaka habari hiyo inatua kwenye magrupu ya WhatsApp ya kina mama wa huku kwetu, ilikuwa imeshapasuka vipande viwili. Wapo walioipokea kama ungamo: walitudanganya miaka yote hiyo, kumbe homoni ni salama, zitafuteni mtumie. Wapo walioipokea kama mtego: kampuni za dawa zinatafuta wateja wapya, sasa zinatuletea ugonjwa ambao bibi zetu hawakuujua. Ubishi ni mkali na unachekesha kidogo, kwa sababu pande zote mbili zinagombania dawa ambayo wengi wao hawataikuta kwenye zahanati ya kata yao.

Hoja yangu ni hii. Kwa mwanamke wa Afrika Mashariki aliye kati ya miaka 40 na 55, swali la homoni lina uzito wake lakini si la kwanza. La kwanza ni kwamba hatujui mabadiliko gani ya mwili wake ni ya umri na yapi si ya umri, na kutojua huko kunamuumiza kwa njia mbili zinazopingana. Akitokwa na damu isiyo ya kawaida anaambiwa "ni umri tu, hedhi inaaga," na uvimbe au saratani inapewa mwaka mzima wa kukua. Akipata joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa kukatikakatika, mambo ambayo kweli ni ya umri, anatibiwa malaria, taifodi, presha na U.T.I kwa zamu. Umri tunautaja pale usipohusika na tunausahau pale unapohusika. Tangazo la FDA, liwe zuri au baya, halikugusa lolote kati ya hayo mawili.

Kwanza onyo lenyewe, maana limeelezwa vibaya na wanaolishangilia pamoja na wanaolilaani. Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya muda. Wanawake 16,608 wenye kizazi, wa miaka 50 hadi 79, walikuwa wamegawanywa makundi mawili: wengine walimeza estrojeni, homoni ya kike, iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na projestini, dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni, wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Waliomeza dawa walipata saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo na damu kuganda mapafuni zaidi kuliko wenzao. Magazeti yakaandika kwamba saratani ya matiti imepanda kwa asilimia 26, na kihesabu hawakukosea. Lakini hesabu hiyohiyo ukiishusha chini inasomeka hivi: katika wanawake 10,000 wanaotumia dawa kwa mwaka mmoja, 38 walipata saratani ya matiti, na katika 10,000 wasiotumia, 30. Tofauti ni wanawake wanane. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, ilhali anayekwenda kwa daktari kulalamikia joto la ghafla huwa na miaka 47, 50, 52. Mwaka uliofuata onyo likabandikwa kwenye dawa zote za estrojeni, hata krimu ya kupaka ukeni ambayo haikuwa sehemu ya jaribio lile na ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Madaktari wengi wakaogopa, na wanawake wengi wakaachwa wafukute.

Kwa hiyo wanaosema onyo lilipita kiasi wana haki, hasa kuhusu krimu ile. Tatizo ni kwamba maofisa wa Marekani hawakuishia hapo. Katika tangazo lao walidai kuwa homoni zikianzwa mapema zinaweza kupunguza magonjwa ya moyo hadi kwa asilimia 50 na ugonjwa wa Alzheimer kwa asilimia 35. Hapo hoja inaanza kuchechemea. Madai makubwa ya aina hiyo huegemea zaidi tafiti za kuangalia tu nani alitumia na nani hakutumia, na katika nchi ile mwanamke anayetumia homoni mara nyingi ndiye mwenye bima nzuri, elimu, kipato na muda wa mazoezi. Ukimkuta na moyo mzima huwezi kumpa kidonge sifa zote. Jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa la Marekani lenyewe lilipitia ushahidi mwaka 2022 likashauri homoni zisitumike kwa lengo la kuzuia magonjwa sugu. Na katika tawi la utafiti ule lililofuatilia wanawake wa miaka 65 na zaidi, waliotumia mchanganyiko walipata matatizo ya kupoteza kumbukumbu takriban mara mbili ya wenzao. Dawa inayotuliza dalili ni kitu kimoja, na dawa ya kuzuia uzee ni ahadi nyingine kabisa.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likisambazwa na yeyote kati ya wanaoshangilia: FDA haikuliondoa onyo la saratani ya ukuta wa kizazi kwa estrojeni inayomezwa au kubandikwa peke yake. Jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1970. Mwanamke mwenye kizazi akitumia estrojeni bila projesteroni, ukuta wa kizazi hunenepa bila kutulizwa, na mwishowe unaweza kugeuka saratani. Katika nchi ambako dawa hupatikana kwa kumpigia simu mtu anayemjua mtu, kipengele hicho kina uzito kuliko tangazo lote lililobaki.

Sasa tuuangalie mwili wenyewe. Watu wengi, hata waliosoma, wanaelewa kukoma hedhi kama tangi la maji linalopungua taratibu mpaka likauke. Lingekuwa tangi, hedhi ingekuwa inapungua kila mwezi, nyepesi, fupi, kisha kimya. Kwa wachache huwa hivyo. Kwa wengi kinachotokea ni fujo kabla ya utulivu. Mayai yaliyobaki kwenye ovari huwa machache na mazito kuitika, kwa hiyo ubongo huongeza homoni ya kuyasukuma. Mwezi mmoja yanaitika kwa kishindo, estrojeni inapanda hata kuliko ya msichana. Mwezi unaofuata hayaitiki kabisa. Yai lisipopevuka, projesteroni haitengenezwi, na projesteroni ndiyo inayoutuliza ukuta wa kizazi, na ikishuka ukuta hubomoka kwa mpangilio. Ukuta unazidi kujengeka, wiki sita, wiki nane, halafu unaporomoka ovyo. Ndiyo maana dada wa miaka 46 anaweza kukaa miezi miwili bila kuona siku zake, akajipongeza kuwa amemaliza, kisha akatokwa na damu siku tisa mpaka asithubutu kupanda daladala.

Wataalamu wana alama za kuifuatilia safari hii na hazihitaji mashine. Mzunguko ukianza kutofautiana kwa siku saba au zaidi kutoka mwezi hadi mwezi, kipindi cha mpito kimeanza. Ukipita muda wa siku 60 au zaidi bila hedhi, mwisho umekaribia. Ikitimia miezi 12 mfululizo bila tone, basi hedhi imekoma. Nchi za Magharibi wastani wa umri huo ni miaka 51 hivi, na tafiti kadhaa za Afrika zinaonyesha mapema kidogo. Kalenda ya ukutani na kalamu vinatosha. Lakini siku hizi maabara binafsi zinauza vifurushi vya vipimo vya homoni kwa bei inayomega mshahara wa mwalimu, wakati mwongozo wa Uingereza unasema wazi kwamba mwanamke mwenye afya aliyepita miaka 45 na mwenye dalili za kawaida hahitaji kipimo cha damu ili aambiwe yuko katika kipindi gani. Homoni hizo hupanda na kushuka kila wiki. Ukipima Jumatatu na ukapima tena mwezi ujao, utapata majibu ya watu wawili.

Nirudi kwenye damu, kwa sababu ndipo penye vifo. Hedhi kuvurugika kipindi cha mpito ni kawaida. Lakini si kila namna ya kutokwa na damu ni kawaida. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa si ya umri. Damu ya katikati ya mwezi isiyoeleweka si ya kuachiwa umri. Damu inayolazimisha kubadili pedi kila saa au mbili, yenye mabonge makubwa, inayopita siku saba, hata kama umri umechangia, inahitaji kutazamwa kwa sababu inamaliza chuma mwilini, na mwanamke anayehema akipanda ngazi ya ghorofa moja ataambiwa amenenepa wakati damu yake imeshuka nusu. Na damu inayorudi baada ya miezi 12 ya ukimya, hata iwe tone moja kwenye chupi, haina jina "hedhi imerudi." Hedhi hairudi baada ya hapo. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wanaotokwa na damu ya namna hiyo hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi. Wengi wa wale tisa watakutwa na mambo madogo, kama vile ukuta wa uke kuwa mwembamba au vinyama visivyo na madhara, na ndiyo sababu hakuna haja ya kutishana. Lakini huwezi kumjua yule mmoja kwa kumtazama usoni.

Kwetu hesabu inazidi kuwa nzito kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi. Nchini Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake, na Kenya ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Dalili yake kubwa ni damu: baada ya tendo, katikati ya mwezi, baada ya kukoma hedhi. Inashambulia sana kuanzia miaka ya 40, umri uleule ambao kila damu inapewa jina la kuaga. Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikilalamika miaka nenda rudi kwamba wagonjwa wengi wanafika ugonjwa ukiwa umeshaenea. Tunapenda kueleza ucheleweshaji huo kwa umaskini, umbali na waganga wa kienyeji, na yote ni kweli. Ila kuna ucheleweshaji mwingine usiohitaji umbali wowote, unaotokea kwa mwanamke anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitalini, ambaye dada yake, jirani yake, na wakati mwingine mhudumu mwenyewe wa afya amemwambia asihangaike. Huyo hakukosa nauli.

Uvimbe wa kizazi nao, faibroidi, haumsubiri mtu. Utafiti mmoja wa Marekani uliowapima wanawake kwa ultrasaundi ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya asilimia 80 huwa wamepata uvimbe huo kufikia miaka 50. Mwingi hausumbui. Unaosumbua hutoa damu nyingi na maumivu ya nyonga, na una tiba zaidi ya kisu: kuna dawa za kupunguza damu, kuna kitanzi chenye homoni kinachopunguza hedhi nzito kwa kiasi kikubwa, kikiwekwa na mtu anayejua kazi yake. Mwanamke aliyeambiwa "subiri, ukikoma utasinyaa" ameambiwa ukweli nusu. Ni kweli uvimbe husinyaa hedhi ikikoma. Hakuambiwa kwamba kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa miaka saba.

Upande wa pili wa kosa unaua kidogo lakini unasumbua wengi. Mwalimu mwenzangu wa zamani, akiwa na miaka 48, alitibiwa taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya joto na uchovu. Kila mara alifanyiwa kipimo kilekile cha Widal ambacho wataalamu wanajua hakiaminiki peke yake, kila mara aliondoka na antibayotiki. Hakuna aliyemuuliza siku zake zinakwendaje. Ongeza na U.T.I, ugonjwa unaotajwa mno katika mazungumzo ya wanawake wa mjini. Estrojeni ikishuka, ngozi ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu, na maambukizi ya mkojo hujirudia kweli. Anayepata U.T.I kila baada ya miezi miwili baada ya kukoma hedhi anaweza kuwa anahitaji estrojeni kidogo ya kupaka kuliko dozi ya sita ya antibayotiki. Ajabu ni kwamba dawa hiyo, ambayo ina ushahidi mzuri na hatari ndogo, ndiyo iliyotajwa kidogo kuliko zote katika ubishi wa WhatsApp. Pengine kwa sababu ukavu wa uke hauzungumziki mbele ya wakwe.

Chukua pia kliniki za CTC, wanakohudumiwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Dawa zimefanya kazi yake, na maelfu ya wanawake walioanza ARV wakiwa vijana sasa wana miaka 45, 50, 55. Kila wanapohudhuria wanaulizwa maswali manne ya kuchunguza kifua kikuu: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. Swali la jasho ni sahihi na lisifutwe. Lakini mwanamke wa miaka 49 atajibu ndiyo mwezi huu, na mwezi ujao, na ule mwingine, atapimwa makohozi na kuambiwa hana kitu, na hapo mazungumzo yanakwisha. Hakuna swali la tano. Kuongeza la tano, "siku zako zinakwendaje?", hakuhitaji bajeti ya mfadhili yeyote.

Nazijua hoja za wanaoona kwamba mambo haya yanakuzwa. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba hizi ni dalili za Wazungu, kwamba mwanamke wa Kiafrika anavuka bila kujua amevuka. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kuwafuatilia zaidi ya wanawake 3,000 wa asili mbalimbali kwa miaka mingi, ulikuta kinyume chake: joto la ghafla na jasho la usiku vilidumu kwa wastani wa miaka 7.4, na waliodumu navyo muda mrefu kuliko wote walikuwa wanawake weusi, miaka 10.1. Ni kweli, Mmarekani mweusi wa Chicago si Mmakonde wa Newala; chakula, uzito na msongo wa maisha vinatofautiana. Lakini anayedai kwamba ngozi nyeusi ni kinga amechagua upande usio na ushahidi. Na ile ya "bibi zetu walivukaje?" ina jibu fupi: walivuka wakiwa kimya, na wengine hawakuvuka. Bibi aliyefariki kwa "ugonjwa wa tumbo la uzazi" hakuwahi kupimwa na mtu yeyote.

Hoja yao yenye nguvu ni nyingine, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Machi 2024 jarida la tiba la Lancet lilitoa mfululizo wa makala ukionya kwamba kukoma hedhi kunageuzwa ugonjwa kupita kiasi, kwamba kila huzuni, kila unene na kila ugomvi wa ndoa wa mwanamke wa makamo unatupiwa homoni, na biashara inafuata nyuma. Sisi hatuhitaji kungoja kampuni za Marekani ili tuyaone hayo. Fungua Instagram utakutana na "mvurugiko wa homoni" kila baada ya picha tatu: unga wa kurekebisha homoni, chai ya kusafisha kizazi, vidonge visivyo na maandishi ya kueleweka, ushuhuda wa mtu asiye na sura. Dalili zinazotajwa ni za kila binadamu aliye hai: uchovu, hasira, kukosa hamu, chunusi, tumbo kujaa. Muuzaji hajawahi kukutana na mteja ambaye homoni zake hazijavurugika. Pesa inayoliwa huko inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni muda. Mwanamke anayekunywa chai ya kusafisha kizazi kwa miezi minne kwa sababu ya damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, amempa adui miezi minne.

Walakini onyo la Lancet halipaswi kuhamishwa mzimamzima kutoka London kuja Singida. Kule kuna hatari ya kutibu kupita kiasi kwa sababu tiba ipo. Hapa daktari anaweza kumaliza shule bila kufundishwa kwa kina namna ya kumsikiliza mwanamke wa miaka 50 asiye na mimba. Kusema "tusiyafanye kuwa ugonjwa" mahali ambapo hata swali halijaulizwa ni kumpa mvivu kisingizio.

Basi homoni ni za nani? Kwa ushahidi uliopo, mwanamke aliye chini ya miaka 60 au aliyekoma hedhi ndani ya miaka 10, ambaye joto na kukosa usingizi vinamvuruga kazini na nyumbani, na ambaye hana historia ya saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi au damu ukeni isiyojulikana chanzo, anaweza kuzitumia kwa faida inayozidi hatari, akiwa na mtu wa kumfuatilia. Mwenye kizazi atumie pamoja na projesteroni. Aliyekoma kabla ya miaka 40 ana sababu kubwa zaidi, kwa ajili ya mifupa na moyo wake. Angalia sharti moja ndani ya orodha hiyo: damu isiyojulikana chanzo. Hata kwa wanaotaka homoni, mlango wa kuingilia ni uchunguzi wa damu. Mjadala wetu umerukia sebuleni.

Kuna pia suala la uzazi wa mpango linalochanganya hesabu zote. Wengi wa umri huu wanatumia sindano au kijiti, na njia hizo zenyewe huondoa hedhi au kuivuruga, kwa hiyo mtu anaweza kuvuka kipindi chote cha mpito bila alama hata moja. Wengine huacha njia mapema mno, wakiona miezi mitano ya ukimya. Ushauri wa kitaalamu ni kuendelea kujikinga mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyepita miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo. Kuna mziwanda wengi mjini waliozaliwa kwa kutojua sheria hiyo, na mama zao wenye presha walihatarisha maisha kuwaleta.

Kwa nini tumefika hapa? Nadhani ni kwa sababu mifumo yetu inamjua mwanamke kwa kizazi chake, tena kizazi kinachozaa. Kliniki ni ya mama na mtoto. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa demografia na afya, ule unaotegemewa na wizara na wafadhili kupanga mipango, unawahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Siku anayotimiza 50, mwanamke anatoka kwenye takwimu kwa mlango wa nyuma, wakati huohuo hatari ya saratani, presha na mifupa kudhoofika inapanda. Huyu ndiye mwenye nafasi ya mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kikoba, mlezi wa wajukuu, na bado ana miaka 10 ya utumishi kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Hana mstari wake katika jedwali.

Pwani kuna hazina ambayo haijatumiwa. Mwanamke wa Kiislamu anazihesabu siku zake kuliko daktari yeyote atakavyomhesabia, kwa sababu sala na funga zinategemea hesabu hiyo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu, hedhi haizidi siku 15. Inayopita hapo ni istihadha, na mwenye istihadha hujitakasa akasali. Kwa hiyo mama wa miaka 47 ambaye damu yake imefika siku ya 18 anakwenda kumuuliza ustadhati, mwalimu wake wa dini, na anajibiwa vizuri kabisa: oga, jifunge, sali. Suala la ibada limetatuliwa, anarudi nyumbani ametulia. Chanzo cha damu kimebaki palepale. Ustadhati huyo amesikia maelezo ya siku, rangi na wingi wa damu kwa undani ambao nesi hatausikia. Akiongeza sentensi moja, "na kesho nenda ukapimwe," atakuwa amefanya kazi ambayo mabango ya wizara yameshindwa. Hilo linahitaji mtu wa wizara aende darasani kwake akakae chini naye, na akubali kwanza kuwa mwanafunzi.

Kisha upimaji wenyewe unahitaji kurekebishwa. Kampeni za upimaji bure wa mlango wa kizazi mara nyingi hutumia siki: mhudumu anapaka, anatazama kama kuna weupe. Ni kipimo kizuri, cha bei nafuu, kwa mwanamke wa miaka 30 na 40. Lakini baada ya kukoma hedhi, eneo linalotakiwa kutazamwa hurudi ndani ya mlango na macho hayalifikii vizuri, ndiyo maana hakishauriwi kwa umri huo. Mama wa miaka 56 anasimama foleni kwenye hema uwanjani, anapakwa siki, anaambiwa hakuna kitu, anaondoka na kadi. Asiye na dalili wa umri huo anafaa kipimo cha virusi vya HPV, ambacho Shirika la Afya Duniani limekuwa likikipendekeza tangu 2021 na ambacho anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe. Mwenye damu hatakiwi kwenye foleni ile kabisa. Anatakiwa atazamwe mlango wa kizazi na mtaalamu, afanyiwe ultrasaundi, achukuliwe kinyama cha ukuta wa kizazi, na barua ya rufaa iandikwe siku hiyohiyo aliyojitokeza hemani, maana akiambiwa arudi Jumatatu, kuna jirani atakayekuwa amemwambia Jumapili kuwa ni umri tu.